Bei ya Herufi

Mimi huandika vibao, Goma, barabara ya Sake:
Saluni ya Kisasa. Dawa za Mifugo. Kukojoa Hapa Ni Faini.
Bei yangu faranga mia mbili kwa herufi.
Nafasi kati ya maneno sitozi.

Shefu Kalinda alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne,
ndani yake maneno yaliyovaa suti:
Wapendwa wakaaji, kwa heshima mnaombwa
kuwa waangalifu mahali hapa
kutokana na hali ya hewa isiyo ya kawaida.
Nikahesabu kwa ncha ya brashi. Herufi tisini na moja.
Elfu kumi na nane na mia mbili.
Mke wangu, aliyekuwa akipepeta maharage, akaacha kupepeta.

Kibao ni cha lile shimo nyuma ya migomba,
pale lava ya zamani ilipojikunja kama godoro.
Alfajiri, kabla jua halijapanda, mazuku hujaa humo
kama maji yasiyo na rangi wala harufu.
Aliyesimama ukingoni anapumua.
Anayeinama kuokota, haokoti.

Nalijua shimo lile.
Tulipohamia, jirani alimwambia mama,
"Ile fasi haiko muzuri."
Mama akaitikia asante. Alidhani ni nyoka.
Mwingine akasema pana pepo; nasi tulikuwa watu wa kanisa,
pepo hatukuwaogopa.
Mwingine alikohoa, akatazama pembeni, akasema
watoto wangechezea upande huu, kama inawezekana.
Hakuna aliyedanganya.
Kila mmoja alituletea kipande cha ukweli
amekifunga vizuri kwenye majani,
na sisi, kwa adabu, hatukukifungua.

Hangi alikuwa na miaka sita. Alifuata kitoto cha mbuzi.
Baba mdogo akamfuata Hangi.
Wa tatu alidakwa shati na mwanamke mpita njia,
gunia la makaa kichwani, gunia likaanguka,
akapiga kelele bila hodi, bila samahani:
"Usishuke! Utakufa!"
Wa tatu ni mimi.
Jina lake hatukuwahi kulijua.
Maneno mawili. Nimeyaishi miaka thelathini na mmoja.

Nikamwambia shefu, karatasi hii nzuri, isome mkutanoni.
Nipe ruhusa niandike nyingine.
Akasema, watu watatishika.
Nikasema, ndiyo.
Akasema, hata salamu haimo?
Nikasema, shefu, anayesoma amebakiza hatua nne.
"Wapendwa" ni ya kwanza. "Wakaaji" ni ya pili.
"Kwa heshima" mguu tayari uko hewani.
Akanyamaza. Nilimwona akipima kwa macho
kutoka mlangoni hadi kwenye kopo la rangi.

Nyekundu juu ya nyeupe:
HEWA HAPA INAUA
USISHUKE
Herufi ishirini na moja. Elfu nne na mia mbili.
Mke wangu hakusema neno; ungo ndio uliosema.
Chini nikachora mbuzi amelala, miguu imekakamaa,
kwa ajili ya asiyejua kusoma.
Mbuzi sikumtoza.

Jana nilipita pale, ukungu bado haujaondoka.
Mama mgeni, bidoni ya njano mgongoni,
katoka Masisi na vita nyuma yake,
amesimama mbele ya kibao changu, kichwa ameinamisha.
Nikajisikia fundi.
Akageuka, akaniuliza:
"Hii mbuzi, wanaiuzisha?"

Nikaweka kopo chini.
Nikamshika mkono, mimi nisiyemjua.
"Hapana, mama. Imekufa. Ukishuka, na wewe utakufa."
Akarudi nyuma hatua moja. Mbili. Bidoni ikagonga mgomba.

Ndipo tukasalimiana.